Mwiba Ndani ya Tairi

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twendao kazini kwa baiskeli twaweza kuongeza: usipoung'oa mwiba, utaziba kila siku.

Mimi hukaa Ngara, na kila asubuhi hupanda hadi Westlands kwa njia ya Museum Hill. Ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 hairuhusu baiskeli. Basi sisi hupita chini, pembezoni kabisa, mahali ambapo magari husukumia vigae vya chupa, misumari na nyuzi za chuma zitokazo katika matairi makuukuu. Ndiyo maana pancha si jambo geni kwetu, na mtu wa kibarua akichelewa langoni hukosa ujira wa siku.

Ndugu msomaji, matayarisho huanza nyumbani. Lijaze tairi upepo vema, kwani likiwa legevu, tyubu hubanwa na rimu kwenye ukingo wa shimo, ikatoboka matundu mawili kwa pamoja. Kisha tia mfukoni viraka, gundi, kipande cha msasa, koleo ndogo, vijiko viwili vya kubandulia tairi, na pampu.

Jirani yangu mmoja, kijana mwenye bidii, alipata pancha njiani. Aliziba upesi, akapanda, na hakufika mbali upepo ukatoka tena. Hapo ndipo nilipomkuta. Nilimsihi asirudishe tyubu kwanza, nikapitisha kitambaa polepole ndani ya tairi. Kikanasa. Ulikuwa uzi wa chuma, mfupi kuliko punje ya mchele. Tuliung'oa kwa koleo, tukasugua tyubu kwa msasa, tukapaka gundi na kungoja hata ilipoacha kung'aa kwa umajimaji, ndipo tukabandika kiraka na kukikandamiza kwa nguvu. Kijana aliwahi langoni, na ujira wake ukasalimika.

John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hati ya tairi lake la upepo mwaka 1888. Tangu hapo viraka na gundi vimekuwa bora zaidi, lakini hakuna duka liuzalo uangalifu. Huo hauna uzito mfukoni, wala bei. Nao ndio umfikishao mtu kazini kwa wakati.