Kaloleni: Nendeni Mkatazame

Mwanafunzi wa isimu hahitaji kuelezwa mara mbili jina Kaloleni limebeba nini. Kitenzi -lola, yaani kutazama, husikika katika lugha kadhaa za Kibantu, na jina hilo kwa kawaida hufasiriwa kuwa "nendeni mkatazame". Zipo Kaloleni nyingine, Kilifi na Nairobi. Inayozungumziwa hapa ni ile ya Kisumu, karibu na Ziwa Viktoria, ambako cha kutazamwa aghalabu ni ndege.

Ifikapo Oktoba, wakati wa vuli, nyaya za umeme hujaa mbayuwayu. Kwa Kijaluo huitwa opija, na wazee humhusisha na mvua. Wengi wao wamevuka mabara kutoka Ulaya na Asia, na kufikia Aprili huwa wameanza kurejea huko kuzaliana. Mbona basi Julai pia huonekana mbayuwayu? Je, amechelewa safari? La hasha. Huyo ni mwingine kabisa. Mgeni ana mkanda mpana mweusi chini ya koo lake la rangi ya kutu, na tumbo jeupe. Mwenyeji mkanda wake ni mwembamba, tena umekatikakatika, na tumbo ni la kijivu. Huyu wa pili haendi kokote. Neno moja limewameza msafiri na mwenyeji.

Kweche naye ana vituko vyake. Majira ya mvua dume huvaa nyekundu na nyeusi. Kiangazi hufifia akawa wa kahawia mfano wa shomoro, na watu wakadhani amehama.

Makosa hayo hayamdhuru ndege yeyote. Lipo kosa jingine lililo ghali. Katika vichaka na bustani za Kisumu mna ndege mweusi mgongoni, mwekundu wa kukoza kutoka kooni hadi tumboni. Huimba wawili wawili, mmoja akianza na mwenzake akidakia upesi hata msikilizaji akadhani sauti ni ya mmoja. Kusini mwa mji, katika kinamasi cha Dunga, yumo wa pili anayeshabihiana naye mno, ila utosi wake ni wa manjano na bawa lake lina mstari mweupe. Wanasayansi humwita wa bustani Laniarius erythrogaster, na wa kinamasi Laniarius mufumbiri. Katika mazungumzo ya mtaani wote wawili ni "ndege mwekundu", basi.

Wa bustani huridhika na kichaka chochote. Wa Dunga makao yake ni mafunjo. Mafunjo hukatwa kwa ajili ya mikeka na vikapu, na hilo pekee si la kulaumiwa, kwani huchipua tena na kazi hiyo hulisha familia. Balaa ni pale yanapochomwa na kung'olewa ili palimwe. Siku kinamasi kitakapokwisha, mkazi wa Kaloleni ataendelea kumsikia ndege mwekundu nyuma ya nyumba yake, na akiulizwa atajibu, bila kusema uongo, kwamba bado yupo.

Wanaistilahi wa Kiswahili walijitahidi sana kuitafutia kompyuta msamiati. Kwa ndege huyu wa mafunjo, wa kuulizwa kwanza pengine ni wasusi wa Dunga, wanaoingia kinamasini na mapanga yao na kumsikia akiita kabla hawajamwona.