Radburn, Mtaa wa Nyumba Zenye Nyuso Mbili

Mzazi mwenye nyumba kando ya barabara kuu anaijua hofu hii: mtoto ametoka kwenda shule, na lori linakuja mbio. Basi twendeni pamoja hadi Marekani, katika jimbo la New Jersey, tukaone mtaa uliojengwa kwa ajili ya hofu hiyohiyo.

Mtaa wenyewe waitwa Radburn. Ukitoka New York wavuka mto Hudson hadi Hoboken, na hapo wapanda garimoshi mpaka kituo chenye jina la mtaa. Watu walianza kuhamia hapo mwaka 1929. Siku zile Marekani ilikuwa na motokaa zaidi ya milioni 20, na watoto waliozoea kucheza njiani waligongwa na kufa. Wachoraji wawili wa ramani za miji, Clarence Stein na Henry Wright, wakajiuliza: je, motokaa haiwezi kupita kwake, na mtu akapita kwake?

Tazama walivyofanya. Nyumba chache zimepangwa kando ya kijia kifupi kisichotokea upande wa pili. Motokaa ikiingia humo, haina budi kurudi ilikotoka. Upande huo kuna jiko na banda la motokaa. Lakini sebule na vyumba vya kulala vimeelekea upande mwingine, kwenye bustani, ambako kuna njia ya miguu tu. Njia hizo zote zaingia katika uwanja mpana wa majani na miti, nao hutunzwa kwa fedha za wakazi wote. Pale inapokatiza barabara ya Howard, njia ya miguu imepitishwa chini yake. Motokaa juu, mtoto chini na mkoba wake, mpaka shuleni!

Jambo moja wachoraji hawakulikisia vema. Walidhani wageni watapitia bustanini. Lo! Mgeni huja na motokaa, kwa hiyo hupiga hodi jikoni. Watoto nao hupenda kuendesha baiskeli katika kile kijia, maana pana sakafu ngumu na mama yu karibu dirishani. Mama zetu wasingeshangaa. Kwetu pia jirani wa kweli hupitia uani.

Mtaa ulikusudiwa watu 25,000. Lakini Oktoba ya mwaka uleule wa 1929 soko la hisa la New York likaanguka. Watu wakapoteza kazi, na wengine wa Radburn wakashindwa kulipa madeni ya nyumba zao. Kampuni iliyojenga nayo ikafilisika. Zikabaki eka 149 tu, na leo wanakaa humo watu elfu tatu hivi.

Ukitoka nje ya eka hizo, nyumba zatazama barabara tena, kama kwingineko.