Bastola Inayomjua Mwenyewe

Leo naandika juu ya kufuli, ila si zile za tovuti.

Mwaka 2006 nilikuwa darasa la pili hapa Maseno. Baba mdogo, mfanyabiashara wa Kisumu mwenye leseni ya bastola, alikuja kulala kwetu Krismasi. Mimi na binamu yangu tulikuwa tukitafuta peremende zake, tukaikuta bastola chini ya mto. Binamu alinielekezea kifuani, akasema "pa!" kwa mdomo. Kisha akajaribu kufyatua kwelikweli. Hakuna kilichosogea. Mama akaingia. Sijui hadi leo kama niliokolewa na kile kidude cha usalama ubavuni, au ni kidole tu cha mtoto wa miaka sita kilichokosa nguvu. Risasi zilikuwemo.

Desemba iliyopita nilimuuliza baba mdogo kwa nini hatafuti bastola yenye kufuli ndani yake, inayomkataa asiye mwenyewe. Akacheka. "Kijana wangu, hiyo simu yako yenyewe hukataa kidole chako ukitoka shambani. Majambazi wakiwa mlangoni niombe ruhusa?"

Nilitaka kubishana, nikakumbuka aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuandikia kampuni moja ya huku (sitaitaja) programu ya kusajili wafanyakazi kwa alama za vidole. Wakata miwa vidole vyao vimesuguliwa na panga, mashine ikawakataa. Nikashusha kiwango cha kufanana kinachotakiwa. Wakapita wote, na baada ya siku chache mmoja akasajiliwa kwa jina la mwenzake. Hapo ndipo utamu wa hesabu hii ulipo: ukipunguza kosa la kumkataa mwenyewe, unaongeza kosa la kumkubali mgeni. Na vifaa vyenyewe havina huruma. Nani amesahau uchaguzi wa Machi 2013, mashine za kuwatambua wapiga kura zilipozima vituo vingi, tukarudi kwenye daftari la karatasi?

Wamarekani wamelizungusha jambo hili miaka mingi. Kulikuwa na Armatix iP1, bastola ya Kijerumani iliyotaka uvae saa yake mkononi ndipo ifyatue. Mwaka 2017 mdukuzi anayejiita Plore aliifyatua bila saa, kwa sumaku za takriban dola 15. Sumaku, jamani! Halafu siasa. New Jersey ilipitisha sheria mwaka 2002 kwamba bastola za aina hiyo zikianza kuuzwa popote Marekani, baada ya muda maduka ya jimbo hilo yauze hizo tu. Basi wapenda bunduki wakahakikisha haziuzwi popote. Mwaka 2014 mwenye duka mmoja wa Maryland aliyetaka kuuza iP1 alitishiwa maisha, akaacha. Sheria ililegezwa mwaka 2019. Tangu 2023 kuna Biofire, inayosoma kidole na uso pia. Inahitaji betri iliyochajiwa, na sisi wa huku tunaijua stima yetu.

Lakini baba mdogo alinijibu swali ambalo sikuuliza. Alimfikiria jambazi, mimi namfikiria mtoto. Kwa mtoto huhitaji betri. Smith & Wesson walianza kuweka kwenye rivolva zao, mapema miaka ya 2000, kitundu kidogo cha ufunguo kinachozuia nyundo. Walitukanwa sana, na miaka ya karibuni wameanza tena kuuza baadhi bila kitundu hicho. Kama programa nakipenda: hakikisii wewe ni nani, kinauliza tu kama una ufunguo.

Hapa Kenya mjadala wetu huishia kwa mtu. Desemba 2018 waziri Fred Matiang'i alifuta leseni zote za raia, akataka kila mmoja akaguliwe upya. Baba mdogo alikaguliwa, akapita. Bastola yake ni ileile ya chini ya mto.

Sasa ana wajukuu wawili, na Krismasi wanakuja wote. Nimemnunulia sanduku dogo la chuma lenye funguo mbili. Amelipokea, akaliweka juu ya kabati. Jana nilichungulia: ndani kuna hati za shamba.