Kimya cha Mtumba

Wahenga wametuachia neno la kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno hili tumezoea kulitumia kwa kuonya: mwogope aliyenyamaza. Lakini lina upande wa pili ambao hatuutazami sana, nao ni kwamba mshindo mkuu waweza kufanywa kimya, na kwamba kazi hiyo ina mafundi wake, vipimo vyake na adabu zake. Mimi upande huo nimefunzwa na ekzosi ya pikipiki.

Ekzosi, au bomba la moshi kwa wanaopenda kutafsiri kila kitu, watu wengi huidhania kuwa ni njia tu ya kutolea moshi. La hasha. Injini ya silinda moja yenye mipigo minne, ikizunguka mara 3000 kwa dakika, hutema moshi mara 25 kwa kila sekunde, na kila mtemo hutoka kwa nguvu na kuipiga hewa iliyotulia. Lau bomba lingeachwa wazi, kila mtemo ungesikika kama kofi. Ndiyo maana mwaka 1897 ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya chombo cha kupunguza mlio wa injini. Mmarekani mwingine, Hiram Percy Maxim, alipata hataza ya kifaa cha kunyamazisha bunduki mwaka 1909, kisha fikra hiyohiyo akaitumia kwa injini za petroli. Bunduki na injini, basi, zilinyamazishwa kwa akili moja.

Ndani ya mkebe wa ekzosi hamna uchawi. Mna vyumba vilivyotengwa kwa bati, mna mirija yenye matundu, na katika aina nyingine mna sufi ya kioo iliyozungushwa mrija. Sauti ikiingia chumbani hugonga ukuta ikarudi, na mrudio huo ukikutana na wimbi linalofuata kwa wakati wake, mawili hayo hupunguzana nguvu. Sufi nayo huimeza sauti na kuigeuza joto. Mkebe hauizibi pumzi, kwani injini iliyozibwa pumzi hufa. Huipa njia ndefu na kuta za kukutana nazo. Wapenzi wa ushairi watalitambua jambo hili bila ya kuelezwa: mizani kumi na sita hukatwa nane kwa nane ili pumzi igonge kina cha kati, irudi, iendelee. Sauti isiyokutana na ukuta wowote ni ukelele.

Aidha, ekzosi ni kiungo cha injini yenyewe. Hili linadhihirika zaidi katika injini za mipigo miwili, kama zile za Vespa za zamani tulizokulia nazo. Katika miaka ya 1950, mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, huko Ujerumani Mashariki, aliliunda bomba la moshi kwa umbo la kutanuka na kusinyaa, hata wimbi linalorudi likawa linaisukuma ndani ya silinda petroli iliyotaka kutoroka. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka akiwa katika mashindano ya Sweden, na maarifa hayo akayapeleka kwa Suzuki ya Japani. Mwaka 1962 Degner akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50 juu ya Suzuki. Siri ya bomba ilivuka mipaka ndani ya kichwa cha mtu, kama mashairi yavukavyo.

Nayasema haya kwa sababu ya kijana wangu. Yeye husambaza mikate, na hutoka nyumbani saa kumi za alfajiri kwa pikipiki ya sentimita za ujazo 125. Uchochoro wetu ni mwembamba, nyumba zatazamana kwa karibu, na mlio ukiingia humo haupati pa kutokea. Mwaka ule ekzosi yake ilitoboka. Hilo si ajabu kisiwani. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji kwa namna ya mvuke. Safari zikiwa fupi, mkebe haupati moto wa kutosha kuukausha mvuke huo, nao hugeuka maji yenye asidi yanayoila bati kwa ndani, huku chumvi ya bahari ikiila kwa nje. Mkebe hufa kwa pande mbili.

Wakati huohuo jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa amekaa eda. Alimzika mumewe mwezi uliotangulia. Hakuja kulalamika wala hakumtuma mtu. Dirisha lake tu ndilo lililokuwa likiwaka taa kila pikipiki ilipowashwa, na halikuzimwa tena hadi asubuhi.

Wenzake kijana walimshauri aukate mkebe uliooza, abaki na bomba tupu, kwani ndio mtindo.

"Baba," aliniambia, "mlio ndio unaoniokoa. Wenye magari wananisikia."

"Mwanangu," nikamjibu, "bomba lako latazama nyuma. Wanaokusikia vizuri ni wale uliokwisha kuwapita. Wa mbele wana honi na taa yako."

Akacheka, lakini hakuridhika, na haki alikuwa nayo, maana hatari za barabarani anazijua yeye. Nikamwambia la masikio yake mwenyewe. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hupendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 88 ni saa 4. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Sikio likishaharibiwa kwa kelele halirudi. Kwa mwuza mikate huo ni msiba. Kwa mtu wa mizani ni msiba mara mbili, kwani mizani huhesabiwa kwa sikio.

Ekzosi mpya ya asili ilikuwa ghali. Tukaenda kwa fundi wa Ng'ambo, ambaye ukutani pake zinaning'inia ekzosi za mitumba za kila namna, nyingi zikiwa hazikutoka kwa mwenye kiwanda cha pikipiki bali kwa watengenezaji wengine.

"Shikamoo, Maalim," alinipokea. "Ekzosi ya mtumba hainunuliwi kwa jicho. Hununuliwa kwa sikio."

Akazichukua moja moja akizitikisa. Iliyolia ndani kama njuga aliirudisha ukutani, kwa kuwa bati la chumba chake limekatika. Nyingine akazigonga kwa kifundo cha kidole, akamulika mdomoni, akatazama chini kama tundu dogo la kutolea maji lingali wazi. Fundi mwingine, alisema, huliziba tundu lile kwa kudhani ni kutu, na mkebe hujaa maji.

Ile iliyomridhisha ilitengenezwa kwa pikipiki nyingine. Mdomo wake ulikuwa na upana wa milimita 38 kwa ndani, na bomba letu milimita 35 kwa nje. Nilidhani ataibana kwa nguvu. Hakufanya hivyo. Alichonga bushi, yaani pete ya chuma yenye unene wa milimita moja na nusu, akaivisha kati ya vyuma viwili. Kwenye kichwa cha injini akaweka gasketi mpya, kwani ya zamani iliyokwisha kubanwa haizibi tena. Kisha akazitia nati zote bila ya kuzikaza, akaisogeza ekzosi mpaka ikaenda mbali na tairi, kanyagio la breki na kiki, ndipo akakaza, akianzia kwenye injini na kuishia nyuma.

"Ukiivuta kwa bolti ikae pasipo pake," alisema, "itakutii leo. Kesho itapasuka kwenye weldi."

Alipoiwasha, alipitisha kitambaa karibu na viungo kutafuta pumzi inayovuja. Wiki moja baadaye akafungua plagi kuitazama rangi. Lau ingekuwa nyeupe, ingekuwa injini yapata hewa nyingi mno kuliko petroli, na kabureta ingehitaji jeti kubwa zaidi. Ilikuwa ya kahawia hafifu. Akairudisha.

Nimefanya kazi ya tafsiri zaidi ya miaka ishirini bila ya kusomea darasani, na sijapata kuisikia kanuni yake ikielezwa kwa uwazi kuliko siku ile. Shairi la lugha nyingine ni ekzosi iliyotengenezwa kwa pumzi nyingine. Mdomo wake hautoshani na bomba letu. Wako wanaolibana kwa nguvu, neno kwa neno, nalo hupasuka kwenye weldi. Wako wanaoukata mkebe wakabaki na maana tupu inayopiga kelele. Kazi yenyewe ni kupima tofauti, kuchonga pete inayolingana nayo, na kutokaza chochote kabla kila kitu hakijapata mahali pake. Na baada ya hapo kuna rangi ya plagi: kusoma tafsiri baada ya wiki na kuuliza kama lugha yetu inapumua ndani yake.

Sitawadanganya wasomaji kwamba ekzosi ile ilikuwa kimya kama ya asili. Mlio wake ulikuwa mzito kidogo, wa chini. Kwa hiyo kijana, bila ya kuambiwa na mtu, akawa anaisukuma pikipiki kwa mkono hadi barabara kuu ndipo aiwashe. Alifanya hivyo mpaka miezi minne na siku kumi za jirani yetu zilipotimia. Bibi yule alipotoka eda alituletea sahani ya vitumbua, wala hakutaja sababu.

Siku hizi vijana wanaonijia na mashairi yao hulalamika kwamba arudhi inawanyamazisha. Huwajibu kwamba wametaja kazi yake hasa, ila wamekosea kuiita adui. Injini haikosi nguvu kwa kuwa na mkebe. Kinachopungua ni kero kwa waliolala, na walio macho husikia vizuri zaidi. Kimya cha namna hiyo hakidondoki mbinguni. Mtu amekipima kwa milimita, na mara nyingi kwa vipande alivyoachiwa na wengine.