Jini la Kitaliano lilivyonikumbusha Bibi

Mpenzi msomaji, usikimbie. Jini ninalolisema leo haliitwi kwa ngoma na ubani, ingawa kichwani nalo hupanda. Ni jini la chupa, lile la kuchanganya na tonic. Nimelionja Italia, mezani kwa shemeji yangu, na nusura linilize mbele za watu.

Ilikuwa Oktoba 2019. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ameolewa na Mtaliano na wanaishi Florence. Nilikwenda kuwasalimia. Mwaka huo kinywaji chao kiitwacho Negroni kilikuwa kinatimiza miaka 100. Wenyewe wanasimulia kwamba mwaka 1919 bwana mkubwa mmoja, Count Camillo Negroni, aliingia baa akaona kinywaji chake alichokizoea kimekuwa majimaji mno. Akataka soda itolewe, jini liingie. Mpaka leo ni hivyo: jini, Campari na vermuti nyekundu, vipimo sawasawa. Nikapiga funda moja nikakunja uso kama mtoto aliyepewa klorokwini. Dada alicheka mpaka akashika mbavu.

Shemeji hakucheka. Alisema nimeanzia mwisho. Jumamosi akaniwekea glasi tatu ndogo, hakuna barafu, hakuna limau. "Nusa kwanza. Una haraka gani?" Nikanusa. Harufu ya msonobari uliokatwa asubuhi ile, na kwa mbali ganda la chungwa. Nikaonja: utamu kidogo, halafu kama pilipili manga, halafu moto. Glasi ya pili akaitia matone ya maji, na lile chungwa likajitokeza waziwazi. Ya tatu akaitia tonic, na hiyo, jamani, hata wewe usiyependa ulabu ungeomba nyingine.

Ile harufu ya msonobari inatoka kwenye vijitunda vya juniper, ndugu wa mtarakwa unaoota milimani kwetu. Bila juniper hilo si jini, na kwa sheria ya Umoja wa Ulaya kilevi chake hakitakiwi kupungua asilimia 37.5. Vijitunda huchukua kama miaka miwili kuiva, kwa hiyo tawi moja linakuwa na vibichi na vilivyoiva. Kule Toscana mchumaji hupiga tawi kwa fimbo, vilivyoiva vikadondokea kwenye kikapu. Miti yenyewe ina miba. Juniper nyingi inayotiwa kwenye jini la Waingereza imetoka Italia. "Wenzetu wanachukua sifa, sisi tunabaki na mikwaruzo," alisema shemeji.

Vitabu vingi vinasema jini limetokana na kinywaji cha Waholanzi, genever, na Waingereza wakalipenda mpaka mwaka 1751 ikabidi itungwe sheria ya kuwabana. Shemeji hataki kusikia. Yeye anakutajia Salerno, kusini mwa Naples, kwenye shule ya waganga ambako karne ya 12 watu walishajua kuchemsha mvinyo na kukusanya mvuke wake kuwa dawa. Kwamba waliutia juniper, hapo mimi naona anavutia kamba kwake.

Basi akaanza kunieleza mtambo unavyofanya kazi. Kinachotoka mwanzo wanakiita kichwa, kinafuata moyo, kisha mkia. Kinachonywewa ni moyo. Kichwa kina sumu, kinamwagwa.

Nikaweka glasi chini.

Bibi yetu alikuwa anapika gongo. Haya, nimeandika. Miaka yote watu wakiniuliza, nilikuwa nasema aliuza vitumbua. Ilikuwa Muheza, nyuma ya migomba: pipa, mrija wa shaba, beseni la maji baridi. Kikombe cha kwanza alikimwaga chini, kila mara. Sisi wajukuu tulidhani anawapa mizimu. Kumbe bibi, ambaye hakukanyaga hata darasa la kwanza, alikuwa anamwaga kichwa.

Pesa hiyo ndiyo iliyowasomesha mama na mama mkubwa. Na kwa ajili hiyo hiyo alikaa ndani miezi mitatu, maana kupika gongo ni kosa. Sisemi sheria haina maana. Gongo ya walipuaji imepofusha watu na kuua. Ila siku aliyotoka, hakuna aliyekwenda kumpokea. Nilikuwa na miaka kumi na minne, ningeweza kwenda. Niliona aibu.

Haya niliyasema pale mezani. Mimi na dada hatukuwahi kuyagusa tangu utotoni. Akamtafsiria mumewe Kitaliano, kirefu kuliko nilivyosema mimi. Shemeji akauliza swali moja tu: bibi alikuwa anatia nini?

"Sukari guru na pumba za mahindi," nikajibu.

"Na maganda ya machungwa," akasema dada. "Umesahau? Ili majirani wasisikie harufu."

Nilikuwa nimesahau. Nikaichukua tena ile glasi ya kwanza, nikainusa muda mrefu.

Dada naye akachukua yake, akainuka, akamimina kidogo kwenye chungu cha maua dirishani. Shemeji akaruka kama ameumwa na siafu, anataka kujua chupa ile tunadhani inauzwa bei gani.