Kwenda Wundanyi kwa Volvo ya Mzee

Ukiwa na Volvo 240 ya mwaka 1988 ukaishi Timbwani, safari huanzia kwa fundi. Kabla hatujaenda kwa wakwe zangu Wundanyi, gari lilishinda siku kadhaa chini ya mwarobaini: rejeta ikazibuliwa, mipira ya maji ikabadilishwa, pedi za breki zikafungwa mpya. Pedi zenyewe zilitoka Nairobi kwa basi, kwa kuwa wenye maduka ya spea Likoni ukiwatajia Volvo hukuonyesha njia ya feri. Shemeji yangu, mwenye Probox, alikuja kutazama.

"Bei ya hizo pedi mimi nafanya sevisi nzima, na mafuta najaza," akasema.

Hakusema uongo. Nyumba zetu ziko karibu na bahari, na upepo wa chumvi haumwachi mwenye chuma. Kila mwaka kuna mlango wa kuziba kutu au sakafu ya kuchomelea. Gari limepita umri wa miaka thelathini na spea zake nyingi ni za kuagiza.

Baba alilinunua alipokuwa karani bandarini. Hakuwa mtu wa anasa, ila alikuwa shabiki wa Safari Rally, na kwake Volvo ilikuwa gari la Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant kwa PV544 iliyokuwa tayari mtumba. Alipenda pia kutukumbusha kwamba mkanda wa usalama unaopita begani na kiunoni, ule uliomo leo katika magari yote, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikawaachia wengine wautumie bure. Ndiyo maana kwetu ufunguo hauzungushwi mpaka kila mtu afunge mkanda. Mama huupitisha juu ya leso yake, akausoma kwa kidole kama uko sawa, ndipo anaposema, "Haya, bismillahi."

Tulitoka alfajiri. Zamani tungeshuka kivukoni. Lakini tangu ile Jumapili ya Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee likazama na mama na bintiye ndani, mke wangu akawa anashuka na watoto wakavuka kwa miguu, mimi nikabaki na usukani na breki ya mkono. Siku hizi tunazunguka Dongo Kundu. Unashika barabara ya Ukunda, unakunja kulia Kibundani, unapanda daraja refu la Mteza, mikoko imetanda chini yako, kisha daraja la Mwache, mara umetokea upande wa Miritini bila kuona feri.

Kuanzia Mazeras barabara ni ya malori. Mariakani, Samburu, Taru: foleni ya makontena inapanda kwa kugugumia, na kila dereva wa matatu anaona nafasi pale usipoiona wewe. Volvo haina haraka. Ni nzito, imekaa chini, na lori likikupita kwa kishindo haiyumbi. Mackinnon Road tukasimama penye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, kando ya reli ya zamani, kama wafanyavyo wasafiri wengi. Mama akatoa sadaka yake. Mimi nikafungua boneti kutazama maji.

Baada ya Voi na Mwatate huja mlima. Barabara inajikunja, na kila kona inaonyesha bonde refu kuliko lililopita. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto kuliko kwenye mandhari. Ulipanda kidogo, ukatulia. Wundanyi tukapokewa kwa baridi na ndizi.

Jambo lenyewe lilitokea tukirudi. Katikati ya mteremko breki ilizama zaidi ya kawaida, na taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Nikarudisha gia ya pili, nikakanyaga tena. Gari likashika. Likapunguza mwendo, likasimama ukingoni, watoto hata hawakujua.

"Baba watoto, kuna nini?" mke wangu akauliza.

"Breki inavuja."

Fundi mmoja wa Mwatate aliingia chini akatoka na kipande cha bomba la chuma, kimeliwa na kutu juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ufungue vitu vingi. "Gari hili la pwani, sivyo?" akauliza. Kisha akanionyesha kilichotuokoa. Breki za 240 zina njia mbili za mafuta, na kila njia inafika kwenye magurudumu yote mawili ya mbele pamoja na moja la nyuma. Njia moja ikipasuka, ile ya pili inabaki na sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha gari. Kwa pedi zilizochakaa nguvu hiyo ingepungua pale pale tulipoihitaji. Alikata bomba la shaba, akalikunja kwa mkono, akatoa hewa, tukaendelea.

Kutoka hapo nilipiga hesabu upya, na shemeji akiniuliza nitauza lini, jibu ninalo. Kiwanda kilitupa njia mbili za breki, lakini kilichozifanya zifanye kazi siku hiyo ni pedi alizozicheka. Mabomba yote sasa ni mapya, na Volvo haiuzwi. Wewe unayetafuta gari la familia, usinunue sifa ya usalama halafu ukakosa fedha za kuitunza. Kama mfuko hauruhusu, nunua hiyo Probox, uihudumie kwa wakati, na kila mtu afunge mkanda.