Jiliwa la Kale na Utamaduni wa Kutunza

Utamaduni unapotajwa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula, mashairi na misemo ya wahenga. Hatukatai kwamba hizo ni nguzo zake. Sisi tuandikao haya tumetumia miaka mingi katika tungo, wala hatuwezi kuudharau ushairi. Lakini utamaduni wa taifa ni pia namna watu wake wafanyavyo kazi, na namna wavitunzavyo vyombo vya kazi hiyo. Taifa lisilojua kutunza hulazimika kununua chombo kilekile mara kwa mara, na kati ya ununuzi mmoja na mwingine mikono ya vijana wake hukaa bure. Tunataka kulieleza jambo hili kwa mfano wa chombo kimoja kizito, kisicho na umbo la kupendeza, ambacho wengi hupita kando yake bila kukiuliza jina. Chombo hicho ni jiliwa la seremala.

Jiliwa hufungwa ubavuni mwa meza ya kazi. Lina taya mbili za chuma. Moja imetulia, na nyingine huenda na kurudi kwa nguvu ya parafujo kubwa. Kazi yake ni kuushika ubao usicheze. Fundi mwenye jiliwa huishika randa kwa mikono miwili na kuisukuma kwa uzito wa mwili wake wote. Asiye nalo huukandamiza ubao kwa goti au kwa unyayo, na siku patasi inapoteleza, nyama ndiyo huikuta. Kwa hiyo jiliwa ni mkono wa tatu wa seremala, tena ni mkono usiochoka.

Tazameni pia maneno ya karakana yalivyobeba historia yetu. Msumari tumeupata kwa Waarabu, randa ina asili ya Uajemi, parafujo ililetwa na Wareno, na nati ikaja na Waingereza. Vitu hivi na majina yake vilifika kwa bahari, vikapokewa, vikavishwa sauti za Kiswahili, vikawa vyetu. Lakini kitu cha mgeni hakiwi chetu kwa kupewa jina tu. Huwa chetu pale tunapoweza kukifungua, kukitengeneza na kukifunga tena kwa mikono yetu.

Mwaka 2022 tulikuwa miongoni mwa wajumbe wa kamati ya kukagua mali chakavu katika shule moja ya sekondari. Shule hiyo ilipata karakana yake katika miaka ya 1970, zama ambazo fikra za Elimu ya Kujitegemea, zilizotangazwa mwaka 1967, zilikuwa zimeingia madarasani, na shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Meza za useremala zilikuwa zimebaki mbili. Katika daftari la ghala tulisoma maneno haya: chuma cha mezani, kibovu, kimoja. Tulipokwenda kukitazama tukakuta jiliwa la kiwanda cha Record cha Sheffield, Uingereza, lenye taya za upana wa inchi 9, limevimba kutu, na rangi yake ya buluu imebaki pembeni tu kama ukoko wa sufuria. Mizani ilionyesha kilo 16. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kutaja bei yake kwa kilo.

Jambo hilo lilituchoma. Chombo kikishapoteza jina na mtunzaji, hakipimwi tena kwa kazi kiwezayo kuifanya. Hupimwa kwa uzito wake. Tuliomba shauri lisogezwe mbele kwa wiki mbili. Wenzetu walikubali, lakini kwa sharti: likishindwa kukaza ubao ifikapo siku hiyo, litakwenda kwenye mizani ya mnunuzi, na mtaala wa useremala katika shule ile utabaki wa kuandika ubaoni.

Tulimwendea mzee mmoja, seremala mstaafu, aliyekuwa na umri wa miaka themanini na ushei. Wanafunzi sita walifuatana nasi. Walipomwamkia, “Shikamoo babu,” aliitikia, kisha akalikagua jiliwa kwa vidole kabla ya macho. Tulimweleza kwamba parafujo ilikuwa ikizungushwa lakini taya haishiki, na kwamba watu wote wamekata shauri kuwa meno yake yamekwisha. Akasema, “Wadogo zangu, mmelihukumu kabla ya kulifungua.”

Mwanafunzi mmoja akainua nyundo ili aigonge pini iliyoganda. Mzee akamzuia. Alieleza kwamba mwili wa jiliwa ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hicho kina kaboni nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4. Hustahimili sana kukandamizwa, lakini hakipindi. Kikipigwa vibaya hupasuka kama chungu, na kukiunga ni kazi ngumu. Basi akatia mafuta ya taa penye pini, akaliacha mpaka kesho yake, nayo ikatoka kwa kugongwa polepole na kipande cha mti.

Majiliwa ya aina hii yana ufundi wa pekee. Parafujo haizunguki ndani ya nati nzima, bali huegemea nusu nati. Karibu na mpini pana mkono mdogo wa chuma. Ukiuvuta, nusu nati huachana na hesi za parafujo, na taya huteleza huru hadi unapotaka. Ukiuachia, springi huirudisha nusu nati mahali pake. Mzee alipolifungua lile letu, tulikuta meno ya parafujo na ya nati yakiwa mazima kabisa. Kilichozuia kushika kwake kilikuwa unga wa mbao uliochanganyika na grisi kwa miaka mingi, ukagandamana katikati ya meno hata nusu nati ikakosa pa kukaa. Chombo kilichoandikwa kibovu kilikuwa kichafu tu.

Kutu iliondolewa kwa njia ambayo walimu wa kemia wanaweza kuifanya somo. Katika beseni kubwa la plastiki lilitiwa maji na magadi soda, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Kipande cha chuma kikuukuu kiliunganishwa na upande chanya wa chaja ya betri ya gari, na kiungo cha jiliwa kikaunganishwa na upande hasi, bila vyuma hivyo viwili kugusana. Umeme wa volti 12 ulipita usiku kucha. Asubuhi kutu nyekundu ilikuwa imegeuka unga mweusi, ukatoka kwa brashi ya waya. Yapo mambo mawili ya kuchunga: kazi hii ifanyike mahali pa wazi, mbali na moto, kwa kuwa hutoa gesi ya haidrojeni, na upande chanya usifungwe chuma cha aina isiyopata kutu, maana huweza kuacha sumu ya kromiamu majini. Viungo vilikaushwa mara moja, kwani chuma kilichovuliwa kutu hupata nyingine upesi. Mwili ukapakwa rangi, na parafujo na nguzo zake zikapakwa mafuta mepesi. Grisi nzito haikutumiwa tena, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiunasa unga wa mbao.

Tulipokuwa tukisugua, mwanafunzi mmoja wa kike aliuliza kama wazee wetu waliwahi kukijua chuma kabla ya meli za Ulaya. Tulifurahi kumjibu. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya uchunguzi wao huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wakieleza kwamba wahunzi wa huko walifua chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Na huko Ufipa wazee walijenga tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu. Jiliwa lile lilisubiwa Sheffield, lakini mikono iliyolishika haikuwa migeni kwa chuma.

Mwishowe mzee alipasua vibao viwili vya mninga, akavifunga kwa parafujo ndani ya taya ili chuma kisiumize kazi. Aliwaonyesha vijana jinsi taya zinavyokutana kwanza kwa juu, kisha hukaa sawa zinapokazwa, maana huko juu ndiko randa inakopita. Siku ya kamati, mwanafunzi yule wa kike aliubana ubao wa mninga na kuupiga randa mbele ya wajumbe. Ubao haukutikisika. Katika daftari la ghala mstari wa zamani ulikatwa, na pakaandikwa: jiliwa la seremala, zima, moja.

Ndugu walimu, na ninyi vijana mnaosoma haya, kila shule ina ghala lake na kila ghala lina kona ya giza. Ingieni humo mkiwa na taa, daftari na kamusi. Kiulizeni kila chombo jina lake, mkifungue kabla ya kukihukumu, na aliye mzee karibu nanyi mwiteni angali na nguvu ya kueleza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza ubeti huu:

Chombo hakifi kwa kutu, kutu ni vumbi la muda,
Hufa tukikosa watu, wa kukitunza kwa ada,
Mikono hii ni yetu, kazi yake ni ibada,
Tushike kilicho chetu, kitulipe kwa faida.